Daktari mwenye kingamwili, waziri mwenye kanuni

Tarehe 7 Januari 2022 waziri wa afya wa Uingereza, Sajid Javid, alitembelea hospitali ya King's College jijini London. Kamera zilikuwepo. Akawauliza wafanyakazi wa wodi ya wagonjwa mahututi wanaionaje kanuni mpya ya kuwalazimisha wahudumu wa afya kuchanjwa dhidi ya korona. Daktari mmoja wa usingizi akamjibu bila kuzunguka. Alikuwa amehudumia wagonjwa wa korona tangu mwanzo wa janga, yeye mwenyewe aliwahi kuambukizwa wakati fulani, ana kingamwili (protini za damu zinazopambana na kirusi), hajachanjwa na hataki. Akaongeza kwamba mbele ya Delta, aina ya kirusi iliyotawala mwaka 2021, chanjo hupunguza uambukizaji kwa wiki nane hivi tu, na mbele ya Omicron, aina mpya iliyoifuata, huenda ni chini ya hapo. Waziri alisema anaheshimu maoni hayo ila wapo madaktari wanaofikiri tofauti, na kwamba hata hizo kingamwili zitafifia.

Mazungumzo yale mafupi yalisambaa dunia nzima. Wapinga chanjo walimkumbatia daktari kama shujaa, wengine wakamwona ni aibu kwa taaluma. Ukiyachambua bila kushangilia upande wowote, unakuta kila mmoja wao alikuwa na nusu ya hoja. Jambo la ajabu ni kwamba sehemu kubwa ya nusu iliyokosekana ilikuwa imekwishaandikwa katika utafiti ambao wizara ya waziri huyo huyo ilikuwa mojawapo ya wafadhili wake.

Tuanze na kanuni yenyewe. Bunge liliipitisha Desemba 2021, nayo ilihusu England peke yake; Scotland, Wales na Ireland Kaskazini hazikupita njia hiyo. Mhudumu wa NHS, yaani huduma ya afya ya umma, anayekutana na wagonjwa ana kwa ana alitakiwa awe amekamilisha dozi mbili ifikapo 1 Aprili 2022. Ili kuiwahi tarehe hiyo, dozi ya kwanza ilipaswa kuchomwa kabla ya 3 Februari kumalizika. Asiyetimiza angehamishiwa kazi isiyokutana na wagonjwa, au angeachishwa. Msamaha ulikuwepo kwa mwenye sababu za kitabibu. Kuwahi kuugua korona hakukuhesabiwa kuwa sababu. Hapo ndipo daktari alipobanwa: mwili wake ulikuwa umekwishakutana na kirusi chenyewe, na fomu za serikali hazikuwa na mahali pa kuliandika jambo hilo.

Je, lilistahili kuandikwa? Bila shaka, na ushahidi ulitoka kwa wahudumu wa afya wenyewe.

Katikati ya mwaka 2020 taasisi ya afya ya jamii ya England ilianzisha utafiti uitwao SIREN. Ulikuwa na swali moja kubwa: aliyekwisha kuambukizwa ana ulinzi kiasi gani asiambukizwe tena? Waliofuatiliwa ni wafanyakazi wa hospitali. Lilikuwa kundi lililofaa kuliko jingine lolote, kwa kuwa lilikutana na kirusi karibu kila siku, lilikuwa na maabara jirani, na lilikubali kupimwa PCR, yaani kipimo cha maabara cha kutafuta kirusi puani na kooni, kila baada ya wiki mbili, lenye dalili na lisilo na dalili sawasawa. Damu nayo ilichukuliwa mara kwa mara kutafuta kingamwili.

Matokeo kamili ya awamu ya kwanza yalichapwa katika jarida la Lancet mwaka 2021. Wahudumu 8,278 waliingia katika kundi la waliokwisha kuambukizwa, na 17,383 katika kundi la wasiowahi. Hadi 11 Januari 2021, kundi la kwanza lilikuwa na maambukizi ya marudio 155. Kundi la pili lilikuwa na maambukizi mapya 1,704. Baada ya hesabu kurekebishwa, hatari ya kuambukizwa kwa waliowahi kuugua ilikuwa pungufu kwa 84%, na kwa maambukizi yanayokuja na dalili za kawaida za korona ulinzi ulizidi 90%. Ni ulinzi wa kiwango cha chanjo nzuri. Aliyekuwa akisema mwaka 2021 kwamba kuugua hakuachi kinga yoyote ya maana alikuwa anapingana na takwimu bora zilizokuwepo.

Nisimame kidogo kwenye hiyo 84%, maana husomwa vibaya hata na watu wa taaluma. Haina maana kwamba watu 16 kati ya 100 waliowahi kuugua wataugua tena. Katika SIREN, walioambukizwa tena hawakufika 2 kwa kila 100, na wasiowahi kuugua walioambukizwa walikuwa karibu 10 kwa kila 100. Asilimia 84 ni pengo kati ya makundi mawili yaliyoishi katika hospitali zilezile, miezi ileile, mbele ya kirusi kilekile. Ukibadilisha chochote kati ya hivyo, namba nayo haina budi kubadilika. Zaidi ya hapo, ukigawanya maambukizi kwa siku za ufuatiliaji bila marekebisho unapata 7.6 kwa kila siku-watu 100,000 (idadi ya watu mara siku walizofuatiliwa) upande mmoja na 57.3 upande wa pili, na hiyo ingetoa ulinzi wa takriban 87%. Watafiti waliishusha kwa sababu makundi hayakufanana: umri, kituo cha kazi, muda wa kukutana na wagonjwa. Napenda utafiti unaopunguza habari njema yake kwa hiari.

Sasa wale 155. Takriban nusu tu yao walikuwa na dalili za aina yoyote. Waliobaki waligunduliwa kwa sababu utafiti uliwapima kila wiki mbili. Pasipo hivyo wangeendelea na zamu bila wao wala mwingine yeyote kushtuka. Januari 2021, matokeo ya awali yalipotangazwa, wataalamu walioongoza utafiti walionya mapema kwamba baadhi ya waliopata maambukizi ya marudio walibeba kirusi kwa wingi puani na kooni, na wangeweza kuwaambukiza wengine.

Onyo hilo linagawa hoja ya daktari vipande viwili. Kipande cha kwanza kinamhusu yeye: je, nitaugua vibaya? Kwa mtu wa umri wa kazi aliyekwisha kuambukizwa, jibu lilielemea upande mzuri. Kipande cha pili kinamhusu mgonjwa aliyelala mbele yake, ambaye huenda ana saratani, amepandikizwa figo au yuko kwenye mashine ya kupumulia. Mgonjwa huyo hana haja na kujua daktari ataugua au la. Anachohitaji ni daktari asiyekuwa na kirusi puani siku hiyo. Vipande hivi hupimwa kwa vipimo tofauti, na mjadala wote wa Januari 2022 ulivichanganya. Daktari alitumia kinga yake binafsi kujibu swali la mgonjwa, na watetezi wa kanuni nao walitumia takwimu za kulazwa na kufa kutetea kanuni iliyodaiwa kuwapo kwa ajili ya kuzuia uambukizaji.

Kuna mipaka mingine ya SIREN ambayo haikutajwa mbele ya kamera. Kundi lilikuwa la watu wa umri wa kazi, wengi wao wanawake, na lilihesabu waliopona na kurudi kazini. Waliokufa au kuathirika hadi kushindwa kufanya kazi hawakuwa na nafasi humo. Hili lazima likumbukwe kila mtu anaposifu kinga ya asili kana kwamba ilipatikana bure. Pia, maambukizi ya marudio yalihesabiwa pale tu majibu mawili ya PCR yalipotengana kwa siku 90 au zaidi, au pale mwenye kingamwili alipopatikana na kirusi angalau wiki nne baada ya kipimo chake cha damu. Sababu ni kwamba PCR inaweza kuendelea kunasa mabaki ya kirusi kwa wiki nyingi baada ya mtu kupona. Ni kigezo cha busara, lakini hakiwezi kuona marudio ya haraka. Na ulinzi ule ulipimwa kwa wastani wa miezi 7 tu baada ya maambukizi ya kwanza, mbele ya kirusi cha mwanzo na aina ya Alpha iliyoenea England mwishoni mwa 2020.

Tukirudi kwa daktari, udhaifu mkubwa wa hoja yake upo hapa: alikuwa na kingamwili, lakini hakuwa na tarehe. Aliambukizwa Machi 2020 au Novemba 2021? Majibu ya kipimo cha damu hayasemi. Wala hapakuwa na kiwango kilichokubalika kwamba mwenye kingamwili kiasi hiki amelindwa na mwenye pungufu yake hajalindwa. Kipimo kilichosema "unazo" kilimthibitishia kwamba amewahi kukutana na kirusi au chanjo. Hakikumwambia kama leo jioni anaweza kukipokea kirusi kipya na kesho kutwa kukipitisha.

Kwa nini tarehe iwe na uzito huo, wakati magonjwa mengine hayaulizi? Surua haikuuliza. Mwaka 1846 surua ilipoingia visiwa vya Faroe, daktari kijana wa Denmark, Peter Panum, aligundua kwamba wazee walioipata katika mlipuko wa 1781 hawakuugua tena. Miaka 65 ilikuwa imepita, na katika kipindi hicho visiwa vile havikuwa na surua ya kuikumbusha miili yao. Wahudumu wa afya wanalo jambo la karibu zaidi: homa ya ini aina ya B. Aliyekamilisha chanjo na kingamwili zake zikafika miliuniti 10 kwa mililita huhesabiwa amelindwa, hata kama miaka baadaye kipimo kikishuka chini ya hapo. Hakuna anayemrudisha kwenye foleni ya sindano, maadamu kinga yake ya mwili ni ya kawaida.

Tofauti ipo kwenye muda. Homa ya ini B huchukua siku 30 hadi 180 kabla ya kuonyesha ugonjwa, na surua takriban wiki mbili, tena surua hulazimika kusafiri mwilini kabla ya kuangusha mtu. Muda huo unazitosha seli za kumbukumbu kuamka, kuongezeka na kumwaga kingamwili mpya kabla kirusi hakijajijenga. Korona haisubiri. Inatua kwenye utando wa pua na koo, na kwa Omicron dalili huanza baada ya siku tatu hivi. Mtu anaweza kuambukiza wengine hata kabla ya dalili. Ili kuizuia mlangoni, lazima kingamwili ziwe tayari zipo puani, kwa wingi na za aina inayokitambua kirusi cha leo. Hizo ndizo hupungua kwanza. Kumbukumbu iliyobaki ndani ya mwili huamka imechelewa kuzuia maambukizi, ila huwahi kuzuia mapafu yasiharibike. Ndiyo maana mtu mmoja anaweza kuwa na kinga dhaifu ya kutoambukizwa na kinga imara ya kutolazwa kwa wakati mmoja, pasipo mgongano wowote.

Na tabia hii si ya kirusi kipya peke yake. Virusi vya korona vinavyoleta mafua ya kawaida vilijulikana kurudi kwa mtu yuleyule. Watu waliofuatiliwa kwa miaka mingi Amsterdam walionekana kuambukizwa tena mara nyingi baada ya miezi 12.

Kisha kikaja kirusi ambacho kinga ya zamani haikukitambua vizuri. Omicron ilitangazwa na Afrika Kusini Novemba 2021. Mwanzoni mwa Desemba, wataalamu wa huko waliokuwa wakifuatilia rekodi za watu karibu milioni 2.8 waliowahi kupatikana na kirusi waliandika kwamba mawimbi ya Beta na Delta hayakuongeza hatari ya marudio kwa jamii nzima, lakini Omicron iliiongeza waziwazi. Yaani mwezi mzima kabla ya waziri kuingia wodi ile, dalili kwamba ile 84% imepitwa ilikuwa mezani. Februari 2022 Qatar ilichapa hesabu zake: maambukizi ya awali yalilinda dhidi ya marudio kwa 90% hivi kwa Alpha na 92% kwa Delta. Kwa Omicron ulinzi ulishuka hadi 56%. Dhidi ya ugonjwa mkali wa Omicron, hata hivyo, ulibaki karibu 88%. Uchambuzi mkubwa wa tafiti 65 uliochapwa na Lancet mwaka 2023 ulikuja na picha ileile: wiki 40 baada ya kuugua kwa aina za mwanzo, ulinzi wa kutoambukizwa na Omicron ya kwanza ulikuwa takriban 36%, na ulinzi dhidi ya ugonjwa mkali takriban 89%.

Kwa hiyo waziri alisema kweli kwamba kingamwili hufifia. Tatizo lake ni kwamba sentensi ileile ilikuwa inaibomoa kanuni yake.

Kanuni ilidai dozi mbili, na ya nyongeza haikuwa lazima. Mhudumu aliyechomwa dozi ya pili Februari 2021 alikuwa halali kabisa kisheria Aprili 2022. Takwimu za Uingereza yenyewe zilionyesha kwamba dozi mbili za Pfizer ziliwalinda watu dhidi ya maambukizi ya Omicron yenye dalili kwa takriban 65% katika wiki za mwanzo, na kufikia wiki 25 ulinzi ulishuka chini ya 10%. Kwa waliochomwa AstraZeneca, baada ya wiki 20 hapakuonekana ulinzi wowote wa aina hiyo. Dozi ya nyongeza ya Pfizer iliurudisha hadi theluthi mbili hivi, kisha nao ukaanza kushuka ndani ya wiki kumi. Weka bega kwa bega muuguzi aliyechanjwa mara mbili mwaka mmoja uliopita na asiugue kamwe, na daktari ambaye hajachanjwa lakini aliugua Delta miezi mitatu nyuma. Kanuni ingempitisha wa kwanza na kumfukuza wa pili. Kwa mgonjwa wa kitanda cha tatu, sidhani kama mpangilio huo ungetetewa na yeyote aliyesoma namba hizi.

Je, basi daktari alikuwa sahihi kukataa? Hapana, na jibu hili linatoka tena SIREN. Mapema 2022 awamu nyingine ya utafiti, yenye wahudumu 35,768, ilionyesha kwamba kwa waliowahi kuambukizwa bila kuchanjwa, kinga ya kutoambukizwa ilianza kufifia baada ya mwaka mmoja. Kwa waliougua kisha wakachanjwa, ilibaki juu ya 90%, hata kwa walioambukizwa zaidi ya miezi 18 nyuma. Ufuatiliaji huo uliishia Septemba 2021, kabla ya Omicron, hivyo namba zenyewe si za kubebwa hadi leo, lakini mpangilio wake umeendelea kuonekana katika tafiti nyingi: kuugua pamoja na kuchanjwa kunazidi kimoja peke yake. Daktari alikuwa tayari amelipa gharama kubwa, ile ya kuugua bila kinga. Iliyobaki ilikuwa ndogo, na faida yake kubwa. Kama hoja yake ingekuwa kwamba mtu wa aina yake hahitaji ratiba sawa na ya asiyewahi kuugua, ningekuwa upande wake bila kusita. Kusema hahitaji kabisa ilikuwa kuvuka ushahidi.

Njia ya kati haikuwa ndoto. Cheti cha Umoja wa Ulaya, kilichoanza Julai 2021, kilimtambua aliyepona kwa siku 180 tangu kipimo chake cha kwanza cha PCR. Ujerumani, Omicron ilipoingia, ilipunguza muda wa aliyepona kutoka miezi sita hadi siku 90, tena kwa ghafla iliyowaudhi watu wengi, na Januari hiyohiyo ya 2022. Unaweza kubishana na siku hizo. Kwa maoni yangu 180 zilikuwa nyingi kwa Omicron na 90 zilitolewa kwa papara. Ila angalau mfumo ulikuwa unauliza swali lenye maana: lini? England iliuliza kama umechanjwa au hujachanjwa, ikaishia hapo.

Kwa hospitali, hata "lini" haitoshi. Msimamizi wa kuzuia maambukizi anayepanga nani aingie wodi ya waliopandikizwa viungo anatakiwa ajue mambo ambayo hayamo kwenye cheti chochote: kirusi gani kinazunguka wiki hii, mhudumu alikutana mwisho na kirusi au chanjo mwezi gani, ana mafua leo asubuhi au hana. Swali la mwisho ndilo linalodharauliwa kuliko yote. Mhudumu anayepoteza mshahara akibaki nyumbani atakohoa ndani ya barakoa na kusema ni vumbi, awe amechanjwa mara nne au aliugua mara mbili. Barakoa inayobana vizuri, hewa inayobadilishwa, kipimo cha haraka kabla ya zamu wakati wa wimbi na ruhusa ya ugonjwa yenye malipo hufanya kazi bila kujali kinga ya mtu ilitoka wapi. Wale 155 wa SIREN walinaswa na ratiba ya kupimwa. Fomu ya hali ya chanjo isingemnasa hata mmoja wao.

Tarehe 31 Januari 2022, wiki tatu na ushei baada ya ziara ile, Javid alitangaza bungeni kwamba serikali inakusudia kuifuta kanuni, akieleza kwamba ilibuniwa wakati Delta ndiyo iliyotawala na kwamba Omicron si kali kama Delta. Ilifutwa rasmi 15 Machi, kabla haijaanza kutumika kwa NHS, na daktari wa King's College hakulazimika kuchagua kati ya sindano na kazi. Wafanyakazi wa nyumba za kutunzia wazee hawakuwa na bahati hiyo. Kanuni yao ilianza mapema, 11 Novemba 2021, nayo haikuhesabu kuugua wala tarehe. Ilipofutwa siku ileile ya 15 Machi, waliokuwa wameachishwa walikuwa wamekwishakaa miezi minne nje.